Mtunza Mizabibu wa Ng'ambo ya Kijito

Sijui alizaliwa mwaka gani, na ukoo wake sitaueleza, maana mwenyewe hakupenda kuelezwa. Mtu akianza kumuuliza habari za baba na babu, aligeuka na kuanza kukagua majani. Jina lake nalijua, lakini pale kijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Masakta, hakuna aliyelitumia. Wakubwa kwa wadogo tulimwita mtunza mizabibu. Aliridhika nalo, tena kwa majivuno, kwa sababu katika nchi yote ile ya mahindi, ngano na ng'ombe hapakuwa na mwingine. Naandika habari zake kwa sababu shamba lile halipo tena, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyeliua.

Nilifika pale nikiwa mwalimu mgeni, binti wa Kondoa, mtandio kichwani na sanduku la bati juu ya punda wa watu. Zabibu nilikuwa nazijua zile kavu tu, za kwenye pilau ya Idi. Nilipoona mara ya kwanza mistari kumi na saba ya mizabibu kwenye mteremko, na mlima Hanang umekaa nyuma yake na wingu lake, nilidhani ni maharage ya aina fulani yaliyopandishwa kwenye miti. Nikamwambia hivyo hivyo. Aliniangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, wewe utafundisha nini?" Basi ndivyo tulivyojuana.

Shamba lilipandwa na Mfaransa mmoja, bwana mpweke asiye na mke wala mtoto, aliyetoka katika ukoo wa watu wa zabibu. Kwao Ufaransa walikuwa na shamba la zamani sana, limerithiwa kutoka kwa mababu wasiohesabika, na alikuja huku na vijiti vya mizabibu ya kwao vimefungwa kwenye magunia mabichi. Uhuru ulipokaribia, yule bwana alikuwa mzee na mgonjwa. Akataka kwenda kufa kwao. Alimchukua mtunza mizabibu, wakakaa mwaka mzima kwenye shamba la wazee wake ili mtu wake ajifunze kazi yote, kuanzia kukata mpaka kuvuna. Mfaransa akabaki kule ardhini. Mtunza mizabibu akarudi na koti zito la rangi ya udongo, mkasi wa kupogolea, na hadithi ambazo sijapata kusikia mfano wake.

Hadithi alizitoa saa kumi jioni, shule ikiwa imefungwa, akiwa amekaa mwisho wa mstari anafuta mkasi wake kwa kitambaa chenye samli. Mimi nilikaa kwenye jiwe na madaftari ya kusahihisha, na sikusahihisha kitu. Alisema alifika kule wakati wa baridi, akakuta mizabibu haina jani hata moja, imesimama myeusi myeusi katika mistari hadi macho yanapokoma. Alidhani wamemleta kwenye makaburi. Akamwonea huruma yule bwana wake, kasafiri mbali namna ile kuja kuona miti iliyokufa. Ndipo wakamwambia haikufa, imelala, na kazi ya kwanza ya mwaka ni kuikata ikiwa usingizini.

Wanaume kwa wanawake waliinama katika mistari, kila mtu na mkasi wake, na nyuma yao toroli la chuma lenye moto ndani likisukumwa, vijiti vilivyokatwa vikichomwa humo humo. Moshi ulitambaa chini. Ukungu nao ulipanda kutoka mtoni, mpaka huoni mwenzako ila unasikia mkasi wake tu, ka, ka, ka. Kulikuwa na ukuta wa mawe kuzunguka shamba zima. Chini ya nyumba kubwa kulikuwa na pango lililochongwa kwenye mwamba, mapipa yamelala humo mistari kwa mistari, na ukutani waliovuna miaka na miaka walikuwa wamechora majina yao. Mwisho wa kila mstari palikuwa na ua la waridi, maana ugonjwa ukija huanza kulishika waridi, na mwenye shamba anajua mapema.

Halafu majira yakageuka. Pale ilipokatwa, alisema, mizabibu yote ilianza kudondosha maji, tone kwa tone, asubuhi nzima, kwenye kila ncha. Watu wa kule wanasema inalia. Yeye alitembea katikati yao akisikia matone yakianguka kila upande, na hakujua kama anapaswa kutoa pole. Alipofika hapo kila mara mimi nilikuwa nimeshaondoka Hanang kimawazo, nipo kule kwenye ukungu na koti la mtu.

Alikuwa na chumvi, nisifiche. Ule ukuta wa mawe siku moja ulikuwa na urefu wa kutoka shuleni hadi kijitoni, siku nyingine ulifika Katesh. Mama wa yule Mfaransa, bibi kizee wa nguo nyeusi, alikuwa akija kila asubuhi kuzungumza naye kwa Kifaransa, naye akimjibu kwa Kiiraqw, na aliapa kwamba hawakukosana hata neno moja. Niliuliza walizungumza nini. Akasema ng'ombe, mvua, na watoto wasiosikia. Lakini katika mambo ya mizabibu yenyewe hakutia chumvi kamwe. Hapo alisema kitu kimoja leo, na baada ya miaka mitano alikisema kile kile.

Salamu kwake ilikuwa jambo la kufa na kupona. Katibu wa kijiji, kijana mwenye bidii aliyeletwa kutoka Singida, aliingia shambani siku moja akianza moja kwa moja na habari za mkutano. Mtunza mizabibu aliendelea kukata kama hakuna mtu. Katibu akarudia. Kimya. Mwishowe kijana akaelewa, akatoka hadi nje ya ua, akaingia upya, akainamisha kichwa, "Shikamoo mzee." Akajibiwa marahaba kwa uchangamfu mkubwa, akaulizwa afya, kazi na wazazi, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Nilikuwa pale. Nilijikausha, lakini mbavu ziliniuma kwa kicheko.

Na bahili! Zabibu zikiiva alihesabu vishada kwa macho. Kishada kikipungua, alijua. Mwaka wangu wa kwanza alinipa punje tatu. Si vishada, punje, ameziweka kiganjani kwa heshima, akasimama kunitazama nikizila. Mwaka wa pili nikapewa kishada kizima, na mke wake akasema nimekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Kwa watoto wa shule alitoa mwishoni kabisa, lakini siku hiyo alitoa mpaka wakaumwa matumbo.

Mvinyo hakunywa. Alionja kule Ufaransa kwa adabu, akaona ni siki iliyosifiwa. Yeye alipenda pombe ya mtama ya mke wake, bakuli moja, akalala. Zabibu zilichukuliwa na padri wa parokia, mzee wa pikipiki, aliyetengeneza mvinyo wa misa. Padri alimwandama miaka yote kumtania: mtu anayetoa kinywaji cha altare, mwenyewe hajabatizwa? Naye alijibu kwamba yeye anatoa zabibu, mengine wamalizane wenyewe na Mungu. Mimi Mwislamu nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye jiwe langu. Tulikuwa watatu wa ajabu katika shamba moja, na sote tulicheka.

Mke wake ndiye aliyemweza. Mama mfupi, mweusi, mwenye sauti ya chini, ambaye aliita mizabibu ile wake wenza. Mume akichelewa kurudi alisimama kwenye ua wa nyumba yao, ng'ambo ya kijito, akaita: waambie wenzangu sasa ni zamu yangu. Na mzee, mkali namna ile, alikunja koti lake akavuka. Nyumba na shamba vilitenganishwa na kijito tu, chembamba, mtoto anaruka. Kutoka kwenye ua wa nyumba uliona mistari yote kumi na saba.

Jambo moja lazima nilieleze, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kule Ufaransa mzabibu hulala wenyewe kwa sababu ya baridi. Huku kwetu haulali. Ukiuacha utaendelea tu, majani juu ya majani, na mtu wa kuulaza ni wewe. Kila mwaka wakati wa upepo wa kipupwe aliinyima maji, akanyofoa majani kwa mkono, moja moja, akaiacha wazi. Kisha akakata. Katika kila tawi la mwaka uliopita aliacha macho mawili tu, yaani vile vifundo viwili vya chini vinavyochipua; tawi lenye urefu wa mkono likabaki kama kidole. Watu waliopita njiani walisikitika. Mwenyewe alisema kazi ya mkasi haimfai mtu mwenye huruma, kwa sababu ukiacha macho mengi mzabibu unajaa majani na vishada vingi vidogo, vyote vichungu, hakuna kinachoiva.

Sasa nije kwenye Ujamaa. Ile miaka ya Operesheni Vijiji watu walihamishiwa bondeni, nyumba katika mistari, shule katikati, na mimi niliamini. Sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, niliimba na wanafunzi wangu, nilibeba matofali. Niliona mama waliokuwa wakitembea nusu siku kufuata maji wakiyapata karibu na mlango. Katika mpango huo ardhi yote ikawa ya kijiji, na shamba la mizabibu likawa la kijiji pia. Mtunza mizabibu hakubisha. Alisema hata Mfaransa hakuwa mwenye nalo, wenyewe wamelala kwenye makaburi kule.

Ila halmashauri ya kijiji haikujua ilifanyie nini. Wengine walisema ni anasa ya mkoloni, ling'olewe wapande mahindi. Wengine walimheshimu mzee. Mwenyekiti, mtu wa haki, akakata shauri hivi: mzee apewe mavuno mamoja. Siku ya kuvuna wote watakwenda, wataonja, wataona kama ni kitu cha kufaa watu. Zikiwa nzuri shamba litabaki na kijiji kitaliongeza; zikiwa mbaya litang'olewa. Mtunza mizabibu alirudi kutoka mkutanoni anatembea kama kijana. Aliniambia mwaka huo atakata kama hajapata kukata.

Wiki mbili baadaye mke wake akafa. Aliugua siku nne, homa na kichomi, na kabla gari la hospitali halijapatikana alikuwa ametutoka.

Kwa Wairaqw kifo cha namna hiyo hakiishii kaburini. Nyumba iliyofiwa inaingia katika kutengwa wanakoita metimani. Wafiwa hukaa kwao kwa miezi. Hawatembelei mtu, hawapiti njia ya watu, hawatii mguu kwenye shamba la mwingine, wasije wakaeneza msiba kwa wengine. Hakuna anayewachukia. Jirani anasimama mbali, anaita, anaweka unga kwenye jiwe, anaondoka. Hata wanamgambo waliokuwa wakihamisha nyumba, vijana wa hapo hapo, walimwambia katibu kwamba nyumba ile haiguswi mpaka muda wake uishe, na katibu wa watu akakubali.

Mtu aliyefiwa anaruhusiwa kulima shamba lake mwenyewe. Hapo ndipo palipouma. Kama mizabibu ingekuwa yake, angevuka kijito asubuhi iliyofuata akaikata. Lakini ilikwisha kuwa ya kijiji, ya wote, na kwa hiyo kila aliyekuwa na sehemu pale angeguswa na msiba wake. Alikuwa amekubali mkutanoni mbele ya watu. Sasa alisimama kwenye ua wake, akaitazama mistari yake kumi na saba ng'ambo ya maji, imekwisha kunyofolewa majani, inasubiri mkasi, na siku zinakwenda.

Nilikwenda nikasimama upande wa shamba. Nikamwita, nikampa pole kwa sauti, jambo ambalo si zuri, pole haipigiwi kelele. Akaitikia. Halafu nikamwambia mimi ni mgeni, si wa hapa, mila hainishiki. Nipe mkasi nikate. Akaingia ndani, akarudi na mkasi, akauweka juu ya jiwe katikati ya kijito, akarudi nyuma hadi kwenye ua wake. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji upande wa chini walinitazama nikiuchukua, wakabeba ndoo zao wakaondoka. Nilijua wataniogopa kwa muda. Sikujali.

"Macho mawili, Mwalimu," aliita. "Mawili tu."

Siku ya kwanza nilikata mstari mmoja, sawasawa alivyosema. Mawili, mawili, mawili. Viganja vilitoka malengelenge. Nilirudi nyumbani najiona fundi, usingizi ulikuwa mtamu.

Kesho yake baada ya vipindi nilirudi, na ule mstari ulikuwa unalia. Nilikuwa nimesikia hadithi yake mara ngapi? Lakini kusikia ni kitu kingine. Matone yalikuwa yakitoka kwenye kila kidonda, meupe, yanameta kwenye mwanga wa mchana ule wa baridi, yanaanguka kwenye vumbi na kutoboa vijishimo. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka Hanang. Nilisikia matone, na ng'ambo niliona moshi mwembamba wa nyumba isiyo na mama. Nilifikiri: nyumba hii imekatwa vya kutosha. Ndivyo nilivyofikiri, upuuzi wa mtoto aliyesoma.

Mzabibu wa kwanza wa mstari wa pili nikaacha macho manne. Uliofuata sita. Kufikia mstari wa tano nilikuwa naacha manane, natoa ncha tu, kama mtu anayepunguza nywele za mtoto anayelia. Nilijiambia matawi zaidi ni zabibu zaidi, kijiji kitaona wingi wake. Nilimaliza mistari yote kwa siku kumi na moja. Na kila siku mzee alikuwa amesimama pale kwenye ua wake katika koti lake, hasemi kitu. Nilidhani haoni. Umbali ule, macho ya mzee, na ukungu. Siku ya mwisho niliurudisha mkasi juu ya jiwe, akaita asante, nikaenda zangu.

Mizabibu ilichipua, nayo ilichipua kweli! Sijapata kuona kitu kizuri vile. Majani yalijaa mpaka mistari ikashikana, njia zikafunikwa, ukipita unapita kwenye mwanga wa kijani kama uko ndani ya chupa. Maua yalipotoka, madogo kuliko punje ya ulezi, harufu yake ilifika shuleni, na niliwakuta wanafunzi wakiwa wamenyamaza kwenye madawati bila kuambiwa. Hata waliotuogopa, mimi na nyumba ile, walisimama njiani wakavuta pumzi. Vishada vilikuwa maelfu. Nilikuwa na furaha mpaka nilipoona mwezi wa pili umepita na punje bado ni kama shanga, ngumu, zimejificha kwenye kivuli cha majani, na jua haliwezi kuzifikia.

Siku ya kuvuna walikuja wote. Mwenyekiti katika shati lake la mikutano, katibu na daftari, wazee, kina mama na vikapu, padri na pikipiki yake. Mtunza mizabibu hakuwapo, metimani ilikuwa haijaisha. Alikuwa kwenye ua, ng'ambo. Mwenyekiti alichuma kishada, akaweka punje mbili mdomoni. Uso wake ulifanya juhudi kubwa. Alimeza, maskini, kwa heshima ya mzee. Katibu hakuweza, akageuka pembeni akatema. Akinamama wakaonja, wakatazamana, wakaviweka vikapu vyao chini.

Katibu akanigeukia, wala si kwa ubaya. "Mwalimu, hizi ndizo zabibu zenyewe?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno nilikuwa nayo: hapana, mimi ndiye niliyekata vibaya, mpeni mzee mwaka mmoja. Maneno machache tu. Nilitazama watu wote wale, wazazi wa wanafunzi wangu, mkaguzi alikuwa anakuja wiki ijayo, nami ndiye mwalimu niliyekuwa nikiwafundisha watoto wao kilimo cha kisasa. Nikasema, "Ndizo." Padri alinitazama. Yeye alizijua zabibu za pale miaka yote. Lakini aliniona nilivyo, na hakuniumbua.

Waling'oa kwa siku tatu, kwa majembe na maksai. Sikwenda kuangalia. Waliokwenda walisema mzee alisimama ng'ambo siku zote tatu, hakulia wala kuita. Mahindi yalipandwa, na mwaka ule, niseme ukweli wote, yalikuwa mahindi mazuri. Kutengwa kwake kulipokwisha alihamia bondeni kama wengine, akapewa nyumba mstari wa tatu, akawa mtu wa kusalimiana. Nilimwamkia kila siku, naye aliitikia. Habari ya mizabibu hatukuigusa. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikasema ni kwa ajili ya mama yangu.

Nilikuja kumwona tena baada ya miaka kumi na miwili. Nilikuwa mwalimu mkuu wa mahali pengine, nimetumwa kusimamia mitihani huko Bashay, na kazi ilipokwisha nilisubiri gari la kwenda Mbulu mjini. Pembeni ya zahanati palikuwa na benchi juani. Nilimjua kwa koti. Yeye mwenyewe alikuwa amebaki kidogo sana ndani yake. Alikuwa anakaa kwa binti yake hapo Bashay, na kifua kilikuwa kinamsumbua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu." Hakusita hata kidogo. Akauliza afya, kazi, mama yangu. Nikamjibu mama alifariki. Akanipa pole taratibu, kwa karibu, mkono wangu katikati ya mikono yake, jinsi pole inavyotakiwa kutolewa. Tukakaa. Niliona gari likigeuza kule njia panda, abiria wakianza kupakia mizigo. Nikajua nisiposema sasa nitakwenda nayo kaburini.

"Mzee, mizabibu ile niliiharibu mimi. Uliniambia macho mawili. Nikaacha sita, nikaacha manane. Halafu waliponiuliza, nikasema ndizo."

Alikohoa kwanza, akafuta mdomo. "Nilikuwa naona," alisema.

"Uliona?"

"Siku ya pili, ulipofika mzabibu wa kwanza. Mimi mkasi naujua kwa mlio. Ulikuwa unakata juu juu."

Nikamuuliza kwa nini hakuita, umbali ule wa kurusha jiwe, siku kumi na moja, kwa nini hakuita hata mara moja. Alitazama mikono yake.

"Nilifungua mdomo, Mwalimu. Kila siku niliufungua. Mama watoto alikuwa hajamaliza mwezi ardhini. Siku ya kwanza nilikuambia mawili kwa kuwa ndiyo kazi. Kesho yake nikaona unaacha, na mwaka ule sikuwa na moyo wa kumwambia mtu akate."

Nilikasirika. Haki ya Mungu, nilimkasirikia pale pale, mzee mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Nilimwambia nimebeba kitu kile miaka kumi na miwili, nimekibeba nikiolewa, nikizaa, nikimzika mama yangu, na yeye anajua. Nikamwambia angewaeleza halmashauri tu, wangempa mwaka mwingine. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wangenipa," alisema. "Halafu ningelazimika kukata."

Honi ya gari ikalia mara ya kwanza, ikalia mara ya pili. Kondakta aliita, Mwalimu, tunakuacha. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyazuia, na yeye alikuwa ameufunika mkono wangu kwa ncha ya lile koti lake. Nikamwashiria kondakta aende.